Usizime Injini kwa Pupa

Ndugu msomaji mwenye gari la tabo, je, ni lazima kuacha injini iungurume kidogo kabla ya kuizima? Jibu hutegemea njia uliyotoka.

Ukitoka Mbale mjini na mzigo ukaukwea mlima wa Wanale, moshi wa moto utokao katika injini huizungusha tabo hata zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kinachoulinda mhimili wake ni oili. Ukizima gari mara tu ufikapo juu, pampu ya oili husimama, lakini joto hubaki. Oili iliyomo ndani huungua ikawa masizi magumu, na mhimili huanza kulika. Basi iache injini iungurume polepole kwa dakika moja au mbili.

Lakini ukishuka Wanale kwa upole, injini imekwisha kupoa njiani. Kungoja ni kuchoma dizeli bure. Tena magari mengi ya siku hizi huipoza tabo kwa maji pia, hivyo hatari imepungua. Kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi.

Tabo mpya ni ghali. Subira ya dakika mbili haina bei.