Asilimia 26 kwa Dakika Ngapi?

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki hii nimetumiwa habari ileile mara tatu: eti sola za perovskaiti zimepita ufanisi wa asilimia 26, silikoni kwisha habari yake. Kila mmoja anauliza, "Umeona?" Nimeona. Nilichotafuta nisikipate ni hiki: hiyo asilimia 26 ilidumu kwa muda gani?

Kwa wasiozijua, hizi ni fuwele chotara zenye madini ya risasi, iodini, na molekuli ndogo ya kikaboni kama methilamonia. Uzuri wake sikatai. Silikoni huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400, lakini perovskaiti unaipaka kama rangi na kuikausha kwa nyuzi 100 hivi. Utando usiofika hata elfu moja ya milimita unanasa mwanga wa kutosha, na elektroni hupita humo bila kukwama ovyo kwenye kasoro za fuwele. Miyasaka na wenzake kule Japani walianza na asilimia 3.8 mwaka 2009. Kupanda kutoka hapo hadi 26 si mchezo!

Shida ni kwamba fuwele hii hupitisha umeme kwa njia mbili. Elektroni zinakimbia, na nyuma yake ioni za iodini zinajikokota, zikiruka kutoka nafasi tupu moja hadi nyingine. Zikirundikana upande mmoja, zinavuruga ile nguvu ya ndani inayozisukuma elektroni nje.

Sasa angalia sola inavyopimwa. Unapandisha volti kutoka sifuri, unaandika mkondo, kisha unashuka tena. Kwa silikoni nzuri, mchoro wa kupanda na wa kushuka hulaliana. Kwa perovskaiti nyingi michoro hiyo iliachana, na mara nyingi ya kushuka ndiyo iliyopendeza zaidi, maana ioni zilikuwa hazijawahi kuhama. Badilisha kasi ya kipimo, upate jibu jingine. Sola ileile, taa ileile! Snaith na wenzake wa Oxford waliliandika jambo hili waziwazi mwaka 2014, kwa hiyo wanasayansi siwalaumu. Mwaka 2020 kundi kubwa lao lilikubaliana hata namna ya kupima na kuripoti uimara. Ugomvi wangu ni na wanaotuletea namba moja bila saa, bila joto, bila kusema kama sola ilishikiliwa kwenye kilele chake ikatoa umeme mfululizo au ilipimwa mara moja ikafungiwa kabatini.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ujanja huu. Unaijaribu programu kwenye tarakilishi yako, mtumiaji mmoja, hifadhidata tupu, unatangaza ni ya kasi. Jumatatu watu mia tano wanaingia na seva inalala chali. (Nimefanya hivyo. Sitasema wapi.)

Mbona nakasirika? Mwaka juzi nilimnunulia mamangu paneli. Kibandiko kiliandikwa wati 100, na dukani taa iliwaka vizuri. Nyumbani, jua la saa saba likiwa utosini, mita yangu haikuwahi kuonyesha hata 60. Muuzaji akasema ni mawingu. Na hiyo ni silikoni, kitu kilichokomaa, ambacho paneli zake nzuri huja na dhamana ya miaka 25. Sasa leta sokoni paneli ambayo namba yake inategemea hata upande uliopimia, ambayo unyevu na joto huila, na ambayo ina risasi ndani. Nani ataumia? Si aliyetuma habari.

Kwa hiyo ukinitumia tena habari ya perovskaiti, nitumie na ule mchoro wa saa elfu moja chini ya mwanga. Kama haupo, usiniulize nimeona nini.

Betri inakaribia kuisha na stima bado haijarudi. Wacha nibandike hii kabla mashine haijazima.