IJUE SHERIA: Usijibu "Ni Kweli" Kabla ya Kulielewa Shtaka



Mwezi huu tunazungumza juu ya kesi za barabarani. Zamani kesi hizi zilikuwa za madereva wa malori na mabasi. Siku hizi pikipiki zimefika vijijini, na kijana anayebeba abiria kutoka mnadani anaweza kusimama kizimbani kama dereva wa lori. Akishtakiwa kwa kuendesha kwa hatari, mara nyingi kesi yake inaisha siku ya kwanza kwa maneno mawili anayoyasema mwenyewe: "Ni kweli."

Tuchukue mfano. Kijana amebeba abiria na gunia la mahindi. Mbuzi anakatiza barabara ghafla. Kijana anamkwepa, pikipiki inaanguka, abiria anavunjika mguu. Kijana anapelekwa Mahakama ya Wilaya. Karani anamsomea shtaka kwamba aliendesha pikipiki kwa hatari akamjeruhi mtu. Kijana anamfikiria yule abiria mwenye mguu uliovunjika. Anaona haya kukataa. Anajibu, "Ni kweli, Mheshimiwa, alivunjika mguu."

Je, amekubali nini? Yeye amekubali kwamba abiria aliumia. Lakini shtaka halisemi hivyo tu. Shtaka linasema aliendesha kwa hatari, na ndiyo maana abiria akaumia. Hayo ni mambo mawili. Kuumia kwa abiria kila mtu amekuona. Kuendesha kwa hatari ndiko kunakotakiwa kuthibitishwa.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Usalama Barabarani, namba 30 ya mwaka 1973. Sheria hii inatenganisha makosa. Kuna kosa la kuendesha bila uangalifu, ambalo ni dogo zaidi. Kuna kosa la kuendesha kwa uzembe au kwa hatari. Na kuna kosa zito zaidi, la kuendesha kwa hatari na kusababisha mtu kuumia au kufa. Katika makosa ya hatari, hakimu hutazama mazingira yote. Barabara ilikuwaje? Ilikuwa na watu wengi au ilikuwa tupu? Mwendo wa kilomita 40 kwa saa unaweza kuwa wa salama njia ikiwa nyeupe, ukawa wa hatari mbele ya shule watoto wanapotoka. Basi ajali peke yake si ushahidi kwamba dereva aliendesha kwa hatari. Ajali nyingine hutokea bila kosa la dereva.

Kwa hiyo ukisomewa shtaka, sikiliza mpaka mwisho. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Ikiwa hukuelewa neno, sema hukuelewa. Hakimu hatakasirika. Ni wajibu wake kuhakikisha kwamba umeelewa. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan, ilieleza jinsi mshtakiwa anavyotakiwa kuulizwa. Asomewe shtaka kwa lugha anayoijua. Aelezwe kila sehemu ya kosa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Akikubali, mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, kisha mshtakiwa aulizwe kama maelezo hayo ni ya kweli au ana la kusema. Mahakama za Tanzania zinaufuata utaratibu huo hadi leo.

Hapo kwenye maelezo pana jambo la kuangalia sana. Wengi hudhani ni shtaka lile lile linalorudiwa, wakaitikia tu. Kumbe ndani ya maelezo kuna maneno mapya: "alikuwa katika mwendo wa kasi", "alipita upande usio wake", "alionywa na abiria asisikie". Kama neno moja si kweli, liseme palepale. Yule kijana wetu angeweza kujibu hivi: "Mheshimiwa, ni kweli abiria aliumia. Si kweli kwamba niliendesha kwa hatari. Sikubali shtaka." Jibu kama hilo halimdharau majeruhi. Unaweza kumpa pole, ukamtembelea hospitali, na bado ukakataa kosa usilolifanya.

Lakini tusidanganyane. Kama ulikuwa umelewa, au ulibeba abiria wanne kwenye pikipiki moja, au ulipita katikati ya mji kwa kasi kuliko kilomita 50 kwa saa zilizowekwa na sheria, ukurasa huu haukufundishi kukwepa. Kukubali mapema kosa ulilolifanya kweli ni jambo ambalo hakimu hulifikiria anapotoa adhabu.

Kuna hatua nyingine inayokuja kabla ya mahakama, nayo ni kituo cha polisi. Huko utaandikiwa maelezo. Wewe uliyejifunza kusoma, hapa ndipo elimu yako inapokufaa. Soma karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Kama mwandiko wa askari haukusomeki, mwombe akusomee polepole. Ukikuta neno ambalo hukulisema, mwombe alisahihishe. Usitie dole gumba kwenye karatasi usiyoijua, hata kama ni usiku na umechoka na unataka kwenda nyumbani. Karatasi hiyo itakungoja mahakamani.

Ukishakataa shtaka, kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka. Wewe hutakiwi kuthibitisha kwamba huna hatia. Mwendesha mashtaka ndiye atakayeleta mashahidi, na ni lazima athibitishe bila kuacha shaka ya maana. Kila shahidi akimaliza, utaulizwa kama una maswali. Wengi hujibu, "Sina swali," au huanza kumfokea shahidi, "Wewe mwongo!" Yote mawili ni hasara. Jambo kubwa usilolihoji, mahakama inaweza kuona kwamba umelikubali. Na kufoka si swali.

Tuseme shahidi amesema ulikuwa unakwenda kasi sana. Muulize alikuwa amesimama wapi. Muulize alikuwa anafanya nini. Muulize kama alikuona kabla hujaanguka, au aligeuka aliposikia kishindo. Watu wengi hugeuka baada ya kishindo. Mtu wa namna hiyo ameona ajali imekwisha kutokea, mwendo hakuuona. Maswali matatu mafupi yanatosha, kisha kaa kimya.

Askari aliyechora ramani ya ajali, muulize alifika saa ngapi. Je, pikipiki ilikuwa bado mahali ilipoanguka, au watu walikuwa wameisogeza? Nani alimwonyesha mahali pa kuanguka? Kama wewe ulikuwa umekwisha kupelekwa hospitali, basi ramani hiyo imechorwa kwa maneno ya watu wengine, na hakimu anapaswa kulijua hilo.

Sasa tuje kwenye breki. "Breki zilikatika" ni utetezi ambao mahakimu wameusikia mara nyingi mno. Unaweza kukuokoa, lakini unaweza pia kukumaliza. Chombo chako hukaguliwa baada ya ajali, na ripoti huletwa mahakamani. Ikisema breki ni nzima, maneno yako yote mengine yatatiliwa shaka. Ikisema breki ni mbovu, utaulizwa ulijua lini. Dereva aliyejua tangu juzi kwamba breki hazishiki, na bado akabeba abiria, amejitia hatiani mwenyewe. Utetezi huu unamfaa yule tu ambaye chombo kiliharibika ghafla, na ambaye alikuwa anakitunza. Ndiyo maana stakabadhi ya fundi isitupwe.

Upande wa mashtaka ukimaliza, hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Kama ushahidi hautoshi, utaachiliwa hapo hapo. Kama unatosha, atakueleza haki zako: kujitetea, na kuita mashahidi. Unaweza kukaa kimya, lakini katika kesi ya barabarani mimi sioni faida yake, maana mara nyingi wewe ndiye unayejua vizuri zaidi kilichotokea. Eleza kwa utaratibu: ulitoka wapi, barabara ilikuwaje, uliona nini, ulifanya nini. Mwenye mbuzi au mwanamke aliyekuwa akichota maji karibu na barabara anaweza kuwa shahidi wako. Akisitasita kuja, iombe mahakama imtumie wito. Kama huna fedha za wakili, ulizia mahakamani au kwa afisa maendeleo ya jamii habari za msaada wa kisheria bila malipo. Sheria ya msaada huo ilipitishwa mwaka 2017.

Ukitiwa hatiani, unaweza kupigwa faini au kufungwa, na leseni yako inaweza kusimamishwa au kufutwa. Rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya huenda Mahakama Kuu. Toa taarifa ya kukata rufaa katika siku 10, na lete hati ya rufaa katika siku 45. Siku ulizongojea kupata nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi katika hizo 45, kwa hiyo omba nakala hizo mapema, kwa barua, nawe ubaki na nakala ya barua yako. Aliyekubali kosa mwenyewe kwa kawaida anaweza kukatia rufaa adhabu tu, si kutiwa hatiani. Akitaka zaidi ya hapo, atatakiwa kuonyesha, kwa mfano, kwamba jibu lake halikuwa la kukubali waziwazi. Hapo majaji watafungua jalada na kutafuta maneno aliyoyasema siku ile ya kwanza.