Kurekodi nje ya studio: Funzo la Zomba na Ukerewe kwa wanamuziki wa Mbamba Bay

- Simu janja na maikrofoni ndogo vimefanya ufukwe, kanisa na pagala viwe studio.
- Albamu zilizorekodiwa gerezani Malawi na kisiwani Ukerewe zimesikika mbali sana na zilikoimbwa.
- Faida kubwa ya kurekodi mwenyewe ni umiliki, na wengi hawaijui.

Mbamba Bay. Ukishuka ufukweni hapa asubuhi na mapema utasikia maji, akina mama wakipiga soga huku wakianika usipa, na spika ndogo ya mtu ikipiga Bongo Fleva kutoka Dar es Salaam. Wimbo uliorekodiwa hapahapa ufukweni ni nadra kuusikia.

Si kwamba hakuna waimbaji. Mwambao huu wa Ziwa Nyasa una kwaya, una ngoma, una vijana wenye madaftari yaliyojaa mashairi. Lakini kwa miaka mingi neno "studio" kwa kijana wa hapa limemaanisha safari: upande gari kwenda Mbinga au Songea, na mwenye nauli zaidi aende Dar. Ukifika unalipia kwa saa, unarekodi ukiwa na haraka, halafu unarudi nyumbani na wimbo kwenye memori kadi.

Swali la kujiuliza: hivi ni lazima kusafiri?

Gerezani, pembeni ya karakana

Jibu moja liko ng'ambo ya ziwa, Malawi. Mwaka 2013 mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, aliingia na vifaa vyake vya kubebeka kwenye Gereza Kuu la Zomba, kusini mwa nchi hiyo. Gereza lilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 340 lakini lilikuwa na zaidi ya 2,000. "Studio" yao ilikuwa chumba cha kuazima pembeni ya karakana ya useremala, kelele za kazi zikiendelea.

Wafungwa, wanaume kwa wanawake, pamoja na baadhi ya askari wa gereza waliimba nyimbo walizotunga wenyewe. Albamu ilitoka mwaka 2015 kwa jina la Zomba Prison Project, ikiitwa I Have No Everything Here. Mwaka uliofuata ilikuwa kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya Grammy, kipengele cha muziki wa dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi kutoka Malawi kufika hapo. Tuzo yenyewe ilikwenda kwa Angélique Kidjo wa Benin, lakini jina la Zomba lilikuwa limeshasikika.

Brennan huyohuyo alikuja kwetu pia. Katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, alirekodi na watu wenye ualbino, jamii ambayo kwa muda mrefu imeishi na unyanyapaa na hofu ya kushambuliwa. Kundi lao, Tanzania Albinism Collective, lilitoa albamu ya White African Power mwaka 2017. Wengi wao hawakuwa wanamuziki kwa kazi. Walichokuwa nacho ni jambo la kusema na mtu wa kuliweka kwenye rekodi.

Na Rwanda kuna The Good Ones, kundi la wakulima wanaoimba kwa gitaa na sauti zinazopishana. Albamu yao ya mwaka 2019, Rwanda, You Should Be Loved, ilirekodiwa shambani kwa mwimbaji wao, Adrien Kazigira.

Ukiziweka pamoja unaona kitu kimoja. Hakuna aliyesubiri chumba chenye kapeti ukutani. Msikilizaji naye hakulalamika kwamba anasikia ndege, upepo au nyundo, kwa sababu vitu hivyo ndivyo vilivyomwambia wimbo umetoka wapi.

Kwetu si jambo geni

Tuseme ukweli, mtu wa Nyasa hahitaji kufundishwa kwamba muziki unaweza kufanyika popote. Angalia mganda.

Wanahistoria, akiwamo Terence Ranger kwenye kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, wameonyesha jinsi ngoma za aina hii zilivyoiga bendi na gwaride za jeshi la kikoloni, zikasambaa Afrika Mashariki hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa mwambao hawakuwa na tarumbeta za shaba. Wakachukua vibuyu, wakaviziba tundu kwa utando wa buibui, wakapuliza. Sauti ile ya kukwaruza unayoisikia mganda ukipigwa ni ubunifu wa mtu aliyekosa kifaa akatengeneza chake.

Studio ya mganda ilikuwa uwanja wa kijiji. Kijiji kiliwaalika wenzao wa kijiji kingine, wakashindana, na wimbo mzuri ukasafiri kwa midomo. Mtafiti Stephen Hill, aliyechunguza muziki wa Wamatengo wa Mbinga, aliandika makala mwaka 2001 akiuliza kama mganda unakufa. Swali lake bado linatuhusu, kwa sababu ngoma isiyorekodiwa hutegemea watu wanaoikumbuka, na watu hao wanazeeka.

Kwa hiyo kurekodi nje ya studio kwa hapa kwetu ni suala la kuwahi, kabla wazee hawajaondoka na nyimbo zao.

Kila mahali pana sauti yake

Hapa ndipo wengi wanakosea. Simu ikishakuwa mkononi, mtu anadhani kazi imekwisha. Nilijaribu mwenyewe kurekodi ufukweni mchana, nikajivunia kweli, mpaka niliposikiliza usiku kwa hedifoni. Sauti ya mwimbaji ilikuwa inazama na kuibuka kama mtumbwi. Upepo ulikuwa umekula nusu ya wimbo.

Anayeishi hapa anaujua upepo wa mwera, ule wa kusini-mashariki unaovuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Wavuvi wanauheshimu. Mwanamuziki naye auheshimu: arekodi alfajiri kabla haujashika, ajikinge nyuma ya ukuta au jiwe kubwa, na afunike maikrofoni kwa sponji au kitambaa chepesi chenye manyoya.

Kanisa la matofali lenye paa la juu lina tabia nyingine. Sauti inagonga kuta ngumu inarudi, inagonga tena inarudi, ndiyo mwangwi. Kwaya inayoimba taratibu inapendeza humo, kila neno linabaki hewani kidogo. Ila ukipeleka ngoma ya haraka humohumo, mapigo yanapandana na unapata kelele tupu.

Pagala, yaani nyumba isiyomaliziwa, lina mwangwi mfupi na mkavu unaokwenda vizuri na gitaa na sauti moja. Chumba chenye kitanda, godoro na nguo zilizotundikwa ndicho kinachokaribia studio kwa utulivu, maana vitu laini vinameza sauti. Zile trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani hazisaidii sana. Godoro moja nyuma ya mwimbaji linafanya kazi kuliko trei 50.

Duniani wapo waliolifanya hili kuwa sanaa yenyewe. Mwaka 1968 mpuliza filimbi Paul Horn alirekodi ndani ya Taj Mahal, India, akiucheza mwangwi wa kuba kama chombo cha pili. Mwaka 1988 Pauline Oliveros na wenzake waliteremka kwenye tangi la maji la chini ya ardhi huko Washington, Marekani, ambako sauti moja huchukua takriban sekunde 45 kupotea. Walilazimika kupiga noti chache na kusubiri.

Hivyo kabla hujarekodi, piga kofi moja mahali hapo na usikilize. Ukumbi utakuambia unataka wimbo wa aina gani.

Nani anabaki na rekodi?

Sasa tuje kwenye hela na jina, sehemu ambayo haizungumzwi sana.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha watu ambao mtaani tunawachanganya. Kuna mtunzi wa wimbo. Kuna anayeuimba au kuupiga. Na kuna mtayarishaji wa rekodi, yaani yule aliyeanzisha na kubeba jukumu la rekodi kufanyika. Kila mmoja ana haki zake.

Fikiria kijana anayekwenda studio bila makubaliano ya maandishi. Ametunga, ameimba, lakini mafaili ya wimbo yamebaki kwenye kompyuta ya watu. Akitaka kurekebisha sauti, aombe. Akigombana na prodyuza, wimbo unakwama. Kijana huyohuyo akirekodi mwenyewe kwenye pagala, wimbo wake na jukumu lake, kofia zote tatu ni zake. Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kubwa ya kurekodi sehemu zisizo za kawaida, na inazidi mwangwi na picha nzuri za kuweka mtandaoni.

Upande wa pili wa sarafu ni pale anapokuja mgeni na vifaa vyake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa na makazi Afrika Kusini, alizunguka Afrika Mashariki na gari la kurekodia, akakusanya nyimbo za vijijini. Bila yeye nyingi zingepotea, hilo lazima tulikubali. Lakini kanda zikaenda kuhifadhiwa Afrika Kusini, na ilikuwa mwaka 2014 ambapo nakala zilianza kurudishwa kwenye baadhi ya vijiji vya Kenya zilikorekodiwa. Zaidi ya miaka 60! Waimbaji wengi walikuwa wamefariki bila kujisikia.

Siku hizi wapo wanaofanya tofauti. Mradi wa Singing Wells, ulioanza mwaka 2011 chini ya Ketebul Music ya Nairobi na taasisi ya Abubilla ya Uingereza, unabeba studio ya kukunjwa hadi vijijini na kuweka video za vikundi mtandaoni vikiwa na majina ya wahusika. Jina linaonekana kitu kidogo, lakini bila jina huwezi hata kudai.

Hata Zomba ina somo hapo. Wafungwa walitunga na kuimba, lakini ukisoma habari nyingi za albamu ile, jina linalojirudia ni la mtayarishaji. Hata makala hii imeanza naye. Hiyo ndiyo nguvu ya anayeshika kitufe cha kurekodi.

Usitegemee utajiri wa haraka

Lazima pia tuambiane kuhusu mtandao. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, ilibadili utaratibu mwaka 2024: wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizwi kwenye malipo. YouTube nayo, ili upate sehemu ya matangazo, inadai uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, au video fupi zilizotazamwa mara nyingi mno.

Kwa wimbo wa Kinyasa au Kimatengo, idadi hiyo si rahisi. Kwa hiyo mwanamuziki huru wa hapa asihesabu mtandao kama mshahara. Auhesabu kama ushahidi kwamba wimbo upo, ni wa fulani, ulirekodiwa tarehe fulani. Hela ya karibu itatoka kwenye sherehe, mikutano, matamasha na wageni, na rekodi nzuri ndiyo itakayomwitia kazi hizo.

Kwa nini sasa

Mji huu unabadilika. Barabara ya lami ya takriban kilomita 66 kutoka Mbinga imeondoa adha ya milima. Meli ya MV Mbeya II inaleta abiria tangu mwaka 2021, na bandari mpya iko kwenye ujenzi. Njia zikifunguka, watakuja wafanyabiashara, watalii, na pia watu wenye maikrofoni. Wengine watakuwa na nia njema kabisa.

Wakikuta kikundi cha mganda au kioda kisicho na rekodi yake hata moja, wao ndio watakuwa wa kwanza kuandika jina lake kwenye faili. Wakikuta kikundi chenye rekodi zake, mazungumzo yataanza kwa usawa.

Kabla hujabonyeza

Mambo matano ya kufanya, hata kama unarekodi chini ya mwembe:

1. Sema kwa sauti mwanzoni mwa rekodi: jina la wimbo, mtunzi, waimbaji, mahali na tarehe. Sekunde 20 zinatosha.
2. Andikeni karatasi moja ya makubaliano: nani ni mmiliki, mkigawana ni kwa kiasi gani. Wote waweke sahihi.
3. Kama wimbo ni wa jadi, usijiandike mtunzi. Taja kijiji na mzee aliyekufundisha.
4. Weka nakala zaidi ya moja, sehemu tofauti. Simu huanguka majini.
5. Sajili kazi yako kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) na ujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kabla ya kuanza kuuza.

Na akija mgeni kuwarekodi, mpokeeni vizuri kama kawaida yetu, lakini muulizeni mapema nakala yenu mtaipata lini. Mkiweza, kabla hajaondoka, awaachie ya kwanza kwenye simu ya kiongozi wa kikundi.