Kaske si tikiti ya kupita bariere

Simama asubuhi moja kando ya RN27 hapa kwetu Fataki, usifanye kazi nyingine, tazama tu wamotari wanavyokaribia bariere. Kaske inaning'inia kwenye kiwiko. Zikibaki mita mia moja dereva anapunguza mwendo, anaichomeka kichwani bila kufunga mkanda, anapita, anasalimia, anatoa alichoombwa kutoa, na mita mia moja mbele kaske inarudi kwenye kiwiko. Nyuma yake ameketi mama na mtoto mgongoni, na mtoto wa pili amebanwa katikati. Hao watatu hawana kitu kichwani zaidi ya kitambaa. Hakuna anayewauliza.

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia vijiji vyenu mnaotusoma kwenye simu mkiwa kambini, leo sitapamba maneno. Kaske imegeuka karatasi ya kupitia. Imegeuka kitu cha kumwonyesha mwenye uniformu, kama vile kichwa ni chake. Na sisi abiria tumekubali kwamba kichwa kinachostahili kufunikwa ni cha dereva peke yake.

Majira ya mvua yaliyopita nilikuwa nyuma ya pikipiki moja iliyoteleza kwenye mteremko. Haikuwa inakimbia. Ungeweza kutembea kando yake. Dereva alikuwa na kaske, akasimama, akapangusa goti, akaanza kutafuta kiatu chake. Mama aliyembeba alikuwa anatoka kambini kumpeleka mtoto hospitali, naye alianguka kichwa kikapiga jiwe. Mtoto hakupata kitu. Mama alipona, watu wanasema Mungu mkubwa, nami nasema hivyo hivyo. Lakini mpaka leo ukimsalimia anakutazama kwa muda kabla hajajua wewe ni nani, na majina ya watoto wake anayachanganya. Alikuwa mama wa kuuza mandazi na kuhesabu faida yake mwenyewe. Sasa binti yake ndiye anahesabu.

Wale wanaosema kaske haisaidii kitu, eti siku yako ikifika imefika, wasikie hesabu hii. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti 61 kutoka nchi mbalimbali juu ya jambo hili moja. Waliona kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Katika hospitali za huku kwetu, ambako kumfikisha mgonjwa Bunia ni kuomba barabara iwe salama siku hiyo, nani ana haki ya kuchezea asilimia 69?

Jibu la kwanza ninalopewa kwenye parkingi ni pesa. Nalikubali nusu. Familia iliyotoka usiku na godoro moja na sufuria haiwezi kuambiwa inunue kaske, na mtu asinitumie kuwasema wahami. Ninayemsema ni mwenye pikipiki, yule papa anayesubiri versema yake kila jioni hata mvua ikinyesha. Papa, umenunua pikipiki, umenunua kiti kipya, umeweka redio yenye taa za rangi na sauti inayosikika mpaka sokoni. Kaske ya pili imekushinda? Kampala, ambako wafanyabiashara wetu wanaenda kila mara, kampuni ya SafeBoda tangu 2014 inawapa madereva wake kaske mbili, moja yake na moja ya abiria. Kigali hupandi pikipiki bila dereva kukupa kaske. Najua nikitaja Kigali kuna watakaokunja uso. Siasa ina mahali pake, hapa tunaongea juu ya vichwa.

Jibu la pili ni zito zaidi, na silichezi. Watu wanasema kaske inaficha uso, na huku kwetu tangu mwisho wa 2017 uso uliofichwa unaogopesha. Mama mmoja aliniambia, «Mtu akiingia kambini na kaske nyeusi, sisi tunakimbia kwanza, tunauliza kisha.» Ana haki. Kwa hiyo dereva, acha kioo cheusi. Nunua chenye kioo cheupe kinachofunguka, na ukikaribia watu, bariere au kambi, kiinue waone macho yako. Ukiombwa kuivua, ivue. Halafu nanyi mnaosimamisha watu barabarani, wenye uniformu na wasio nayo, mkishamwona uso mwacheni aivae tena na aifunge kabla hajaondoka. Na kaske ya mtu si kodi. Nimeona ikichukuliwa «kwa dakika mbili» na mwenyewe akiondoka kichwa wazi.

Juu ya jasho na chawa sitasema mengi. Mama, weka kitambaa chako chepesi ndani, ukishuka ondoka nacho. Dereva, toa zile nguo za ndani kama zinatoka, zifue kwa sabuni, zikaushe kivulini. Petroli usiitumie kusafisha, inaharibu gamba na ile frigoliti ya ndani.

Hiyo frigoliti ndiyo kaske yenyewe, na hapa ndipo tunapodanganywa sokoni. Ni ile nyeupe ngumu, ndugu ya ile inayozunguka televizheni mpya ndani ya katoni. Ukianguka, gamba la nje linatawanya pigo, na frigoliti inabonyea ili ubongo usipate pigo lote. Kaske za wajenzi, zile za njano na nyekundu ambazo baadhi ya wamotari wanavaa, hazina hiyo kitu. Zimetengenezwa kwa tofali linaloanguka kutoka juu, na zinaruka kichwani kabla hujafika chini. Kuna nyingine zinafanana kabisa na kaske ya pikipiki, zina picha za moto na simba, lakini ukiinua kitambaa cha ndani unakuta sponji laini na plastiki tupu. Kwa hiyo usinunue kabla hujaingiza mkono. Inua kitambaa, sukuma kwa kidole gumba. Kikizama kama kwenye godoro, mrudishie mwenye duka.

Tazama pia alama. Herufi E ndani ya duara, na nambari kando yake, ni alama ya kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa. Nambari inaonyesha nchi iliyoipitisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi. Kwa kawaida imeshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Kaske kutoka India inatakiwa kuwa na alama ya ISI na maandishi IS 4151. Alama inaweza kuigwa, hilo kila mtu wa soko analijua, na stika inayobanduka kwa ukucha usiiamini. Ndiyo maana kidole gumba kinakuja kwanza.

Kisha saizi. Hapa wengi mnanunua kubwa ili ndugu na shemeji nao waweze kuivaa. Kaske kubwa ni sufuria. Mwombe fundi wa nguo utepe wake, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi na masikio, usome sentimeta, halafu ulinganishe na nambari iliyoandikwa ndani. Ukiivaa inatakiwa ikubane mashavu mpaka useme kama mtu mwenye chakula mdomoni. Funga mkanda, uache nafasi ya vidole viwili tu chini ya kidevu. Sasa mwambie rafiki aishike nyuma na kuisukuma itoke kwa mbele. Ikitoka, barabara nayo itaitoa. Huo mkanda usipofungwa, yote niliyoandika ni bure, na hapa Fataki kati ya kaske tano ninazoziona, labda moja imefungwa. Hiyo si takwimu, ni macho yangu.

Iliyoanguka na mtu ndani yake, hata kama nje inang'aa, imekwisha kazi. Frigoliti ikibonyea hairudi. Usiiuze, usimpe mdogo wako, ipasue.

Sasa nije kwenye jibu la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike. «Nikinunua nzuri wataiba tu.» Wamotari wananiambia hivyo wakicheka, na ni kweli. Zinaibwa mbele ya kanisa wakati wa misa, zinaibwa kwenye msiba, zinaibwa kwenye ua wa hospitali wakati mwenyewe anamshikilia mgonjwa. Basi wananunua plastiki ya bei ya chini ili isiwaume ikipotea. Mwizi anachagua kaske yenu, ninyi mnachaguliwa.

Na nitajisema kwanza mimi. Mwaka mmoja uliopita nilinunua kaske sokoni kwa bei ambayo mtu yeyote mwenye akili angejiuliza. Mpya kidogo, frigoliti nzuri, kioo kizima. Sikujiuliza. Nilisema bahati. Wiki ya pili nilikuwa nimesimama kwenye parkingi nikimhoji mtu juu ya bei ya mafuta, kijana mmoja akanikaribia kwa heshima.

«Papa mtangazaji, samahani. Hii kaske iko yangu.»

Nilikasirika. Nilimwambia anajua anaongea na nani. Akasema, «Ninajua, ninakusikiaga kila asubuhi. Inua kitambaa upande wa kushoto.» Niliinua. Kulikuwa na herufi mbili za jina lake na nambari ya simu, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Wenzake walikuwa wametuzunguka wote. Niliivua nikampa. Mtu anayeongea kwenye redio kila asubuhi juu ya wizi na amani alikuwa na kitu cha wizi kichwani.

Kwa hiyo ninaposema kwamba mnunuzi ndiye anayemlisha mwizi, sisemi kwa mbali. Kaske ya nusu bei, isiyo na risiti, anayeuza haijui ilitoka wapi wala saizi yake, wewe unajua ni nini. Mimi nilijua.

Yule kijana aliniponza lakini alinifundisha. Andika ndani, chini ya kitambaa, jina na simu, mahali ambapo mwizi hatazami. Usipake rangi ya mafuta nje, inakula gamba. Ukitaka alama ya nje tumia utepe unaong'aa, ambao pia unakufanya uonekane usiku na kwenye ukungu wetu wa asubuhi. Piga picha ya kaske na simu yako siku unayoinunua. Usiitundike kwenye kioo cha kuangalia nyuma. Hata isipoibwa, kile chuma kinatoboa frigoliti kidogo kidogo. Baadhi ya pikipiki zina ndoano yenye funguo chini ya kiti, na wengi mnayo lakini hamjawahi kuitumia. Wasio nayo, mnyororo mwembamba na kadena. Lakini mnyororo upite ndani ya kaske, kwenye tundu la uso, uzunguke sehemu ya kidevu. Mkishika mkanda peke yake, wembe mmoja unatosha, na kaske isiyo na mkanda mwizi anaiuza vilevile, kwa mtu atakayefikiri amepata bahati. Kwenye misa na msiba ingia nayo. Iweke chini ya benchi, Mungu hatakasirika.

Ila mnyororo wa mtu mmoja haumalizi soko la wizi. Washefu wa parkingi mnatoza kila pikipiki kila siku. Kwa pesa hiyo tengenezeni sanduku moja la mbao lenye kadena na mtu wa kulilinda, ambapo dereva anaacha kaske ya abiria akienda kula. Wekeni daftari: jina, nambari ya plaketi, alama ya kaske. Na wasimamizi wa soko, yule anayeuza kaske kuukuu chini kwenye gunia asiruhusiwe kabla hajaonyesha aliinunua kwa nani. Mnawafukuza kina mama wanaouza mboga pembeni mwa barabara kwa nguvu zote. Nguvu hiyo ipelekeni upande ule mara moja kwa wiki.

Jamaa mliomo kambini, ninyi nawaomba jambo moja lisilo na gharama. Kabla ya kupanda, muulize dereva, «Yangu iko wapi?» Hatakuwa nayo siku ya kwanza. Siku ya kumi, akiona abiria watano wamekwenda kwa mwenzake aliye na mbili, atainunua.

Mimi sasa nina nyingine, nimenunua dukani na risiti ninayo. Ni nyeupe, ina utepe mwekundu nyuma, na ndani upande wa kushoto kuna jina langu. Mkiiona kwenye gunia la mtu, msiinunue. Nipigieni redioni.