Amrouche alituita kwa majina

Kwenye kipindi kilichopita mlimsikia mwenzangu akimponda Adel Amrouche. Sikubaliani naye hata kidogo.

Kwa ambao hamfuatilii mpira: jamaa alizaliwa Algeria, akaja kucheza soka Ubelgiji na kuchukua uraia wa huko. Ukocha wake umezunguka sana kwetu: Burundi, Kenya, Tanzania, halafu Rwanda. Kenya walichukua naye Kombe la Chalenji la CECAFA 2013. Mwaka uliofuata wakatolewa na Lesotho, naye akafukuzwa. Akawapeleka hadi mahakama ya michezo, CAS, akawashinda, shirikisho likaamriwa limlipe mamilioni ya shilingi. Sio mtu wa kunyamaza huyu.

Taifa Stars aliichukua 2023. Tarehe 7 Septemba wakaenda Annaba kucheza na Algeria, nchi aliyozaliwa kocha mwenyewe, wakatoka 0-0. Pointi hiyo moja ikawapeleka AFCON kwa mara ya tatu tu, baada ya 1980 na 2019.

Halafu likatoka lile jina la kikosi, na hapo ndipo mimi nilipokaa vizuri kwenye kiti. Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth. Tarryn Allarakhia wa Wealdstone. Ben Starkie wa Basford United, timu ya Nottingham ambayo hata Nottingham kwenyewe wengi hawaijui. Kipa Kwesi Kawawa kutoka Sweden. Yaani watoto kama sisi, wa "Kiswahili nakisikia ila kuongea kidogo kidogo".

Kwenye grupu letu la familia wajomba walichachamaa. Mbona anaacha vijana wa ligi yetu anabeba watu wa madaraja ya chini Uingereza? Swali la haki, na kimpira sina jibu zuri sana. Ila mjomba mmoja akaongeza: hao hata hawajui nyumbani. Hapo nikaweka simu chini. Kila Idi tunaulizwa lini tutarudi nyumbani, sasa mtu karudi na bukta na viatu anaambiwa si kwao?

Mdomo ndio ulimponza. Alisema kwenye televisheni kwamba Morocco ndio wanaoendesha mambo ndani ya CAF. Tanzania wakafungwa 3-0 na hao hao Morocco, CAF ikamfungia mechi nane, na TFF ikamsimamisha mashindano yakiwa yanaendelea. Timu akapewa Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani ni (nisaidieni kucheka) Morocco. Sare na Zambia, sare na Kongo, safari ikaishia hapo.

Kwa hiyo kafeli? Kwa pointi, ndiyo. Mimi napima kingine. Mtu mwenye Algeria na Ubelgiji ndani yake hakuona ajabu mtu kuwa na kwao kuwili. Sheria ya Tanzania bado inaona ajabu: uraia pacha kwa mtu mzima hakuna.

Binamu yangu ana miaka kumi na saba, beki wa kushoto, anacheza vizuri kuliko anavyoongea. Mwakani akitimiza kumi na minane itabidi achague paspoti moja. Mpaka leo hakuna aliyempigia simu kutoka Dar.