Poti 5433 ni ya nani?

Kila mwaka finalisti anaondoka Ifakara na begi lake, na kichwani anaondoka na namba. Kompyuta ya Windows ya kikundi cha utafiti inabaki mezani. Hifadhidata ya dodoso iko poti 5433, kwa sababu 5432 ya kawaida ya PostgreSQL ilishachukuliwa, na waliobaki hawajui hiyo 5433 ni kitu gani. Ikigoma, mtu anazima fayawoli yote ili mambo yaende. Hapo sikubaliani kabisa.

Poti ni mlango ambapo huduma moja ya kompyuta inasubiri wageni wa mtandaoni. Windows ina daftari la majina ya milango hiyo: faili linaloitwa services, bila .txt mwishoni, ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Fungua Notepad kama msimamizi, ongeza mstari:

dodoso-mlimba 5433/tcp # data za wagonjwa, mwaka wa 4

Bonyeza Enter kabla ya kuhifadhi, maana mstari wa mwisho usiofungwa unaweza usisomwe. Kila kompyuta ina daftari lake, kwa hiyo weka mstari huohuo kwenye laptopu za wenzako pia. Wakiunganishwa, netstat itawaonyesha jina la huduma badala ya namba tupu.

Ila jina halifungui mlango. Fayawoli, mlinzi wa milango, inataka ruhusa yake: fungua 5433 peke yake, mingine iache. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kupitia poti 445, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Sisi tunaosomea afya hilo halituhusu?

Watu watasema programu nyingi zinasoma namba kwenye mipangilio yake zenyewe, hazigusi services. Kweli, na ukibadili namba itabidi ubadilishe kotekote. Bado atakayekuja ana pa kuanzia. Daraja la Magufuli limefunguliwa 2018, pantoni tumeisahau, lakini ukisema Kivukoni kila mtu anajua unakwenda wapi.

Vijijini karibu na mji huu data za kaya zilianza kukusanywa 1996, na Taasisi ya Afya Ifakara haikufika hapo kwa namba za kichwani. Chama cha wanafunzi kiombe jambo moja: finalisti asisainiwe fomu ya kuondoka mpaka amwonyeshe anayempokea mstari wake kwenye services, na ruhusa yake kwenye fayawoli. Ni dakika kumi tu.