FAINI BILA YA HAKIMU



Wako wenzetu wasemao kwamba karatasi ya chama haina haja ya kujishughulisha na maegesho ya Uingereza, hali ya kuwa hapa kisiwani tunayo mengi ya kutushughulisha. Twawajibu kwamba watoto wetu wako huko, na wanapodhulumiwa barua zao huja kwetu. Na dhulma yenyewe ni ya namna ambayo kila mtu wa visiwani aijua sura yake: mfanya biashara aliyejivika joho la serikali.

Khabari ni hii. Kijana wetu mmoja, mkewe alikuwa amelazwa hospitali akingojea kujifungua. Alikwenda kumtazama kwa pikipiki saa moja ya asubuhi, akalipa kwenye mashine kwa kuandika namba ya chombo chake, na saa mbili akatoka kwenda kazini. Saa kumi na moja jioni akarudi, akalipa mara ya pili, akatoka saa moja ya usiku. Siku ya kumi na tisa ikamfikia barua ya kampuni iliyokodishwa kulinda kiwanja kile: ati pikipiki ilikaa pale saa kumi na mbili mfululizo, basi alipe pauni 100, na akifanya haraka ndani ya siku 14 atapunguziwa, alipe 60.

Jee, imekuwaje? Pikipiki za Uingereza hazilazimiki kuwa na kibao cha namba mbele tangu 1975. Kibao chao kiko nyuma peke yake. Kamera iliyoelekezwa nyuso za magari haioni kitu pikipiki ipitapo, na hata iliyoelekezwa nyuma hufunikwa na gari lifuatalo, au mvua, au giza. Kamera ikikosa kutoka kwa asubuhi na kuingia kwa jioni, kinachobakia ni kuingia kumoja na kutoka kumoja, na mashine, isiyo na akili ya kuuliza, huziunganisha ncha hizo mbili ikasema: huyu hakuondoka. Jambo hili si geni kwa wenye kampuni hizi. Kanuni za vyama vyao wenyewe zawataka picha zikaguliwe na macho ya mwanadamu kabla ya barua kupelekwa. Nani aliyezikagua hizi? Na ndani ya daftari ya kampuni hiyo hiyo yamo malipo mawili, ya asubuhi na ya jioni, kwa namba ile ile moja. Mtu gani huyo alipaye upya kuingiza chombo ambacho hakikutoka?

(Na pale ambapo malipo ni ya karatasi, mambo huwa mabaya zaidi. Mwenye gari huambiwa aibandike risiti ndani ya kioo. Mwenye pikipiki aibandike wapi? Juu ya kiti, ichukuliwe na upepo?)

Sasa tuitazame barua yenyewe. Juu yake zimeandikwa herufi tatu, PCN, na herufi hizo hizo ndizo zilizo juu ya faini za halmashauri za miji. Lakini ya halmashauri ni adhabu ya sheria, na hii ya kampuni si adhabu wala si faini. Ni madai tu ya mfanya biashara asemaye kwamba mkataba umevunjwa. Hana uwezo wa kumtoza mtu hata senti moja mpaka mahakama iamue. Herufi zile hazikufanana kwa bahati tu. Mwenye kuziona na atetemeke, alipe kabla hajauliza, ndivyo itakiwavyo.

Na jina la kijana wetu wamelipata wapi? Wamelinunua. Idara ya serikali inayoandikisha vyombo, iliyoko Swansea, huwapa kampuni hizi jina na anwani ya mwenye chombo kwa pauni 2 na nusu. Hiyo ndiyo thamani ya siri ya raia.

Lakini Bunge lao halikuwaachia kila kitu. Sheria ya Kulinda Uhuru ya 2012, iliyoharamisha kufunga magari minyororo katika viwanja vya watu binafsi huko Uingereza na Wales, iliwapa kampuni haki ya kumdai mwenye kuandikishwa ikiwa dereva hajulikani, kwa masharti. Kama hakuna karatasi iliyobandikwa chomboni siku ile, barua lazima imfikie ndani ya siku 14. Hii ilifika siku ya kumi na tisa. Basi kwa mwenye kuandikishwa hawana njia. Watamtafuta mpandaji, nao jukumu la kumthibitisha ni lao. Sheria haimlazimishi mwenye chombo kumtaja mpandaji kwa kampuni. Hatusemi mtu aseme uwongo, hasha! Twasema aandike kama mwenye chombo: kwamba chombo kilitoka, chombo kikarudi, na malipo haya hapa.

Watetezi wa kampuni hukimbilia kesi ya ParkingEye na Beavis, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza mwezi wa Novemba 2015. Kweli, majaji walisema pauni 85 si adhabu ya kupindukia. Lakini Beavis alizidisha dakika 56 juu ya saa mbili za bure, na matangazo yalikuwa makubwa na wazi. Kesi ile haikusema kwamba asiyezidisha naye alipe.

Linalotukera zaidi ni mahali penyewe. Tangu Julai 1948 Waingereza hujifakhiri kwamba mgonjwa wao hatozwi mlangoni mwa daktari. Naam, hatozwi mlangoni, hutozwa kiwanjani. Scotland waliondoa ada hizi mwisho wa 2008, na hospitali tatu zilizofungwa na mikataba ya wafanya biashara zikakombolewa 2021. Wales walianza 2008, na mkataba wa mwisho ukamalizika 2018. Uingereza yenyewe imesamehe makundi machache. Na mwongozo wa serikali yao wa 2014 ulisema wazi kwamba hospitali ndiyo yenye kubeba dhima ya vitendo vya kampuni iliyoikodisha, na kwamba isifunge mkataba unaoinufaisha kampuni kwa wingi wa barua. Bunge likapitisha sheria ya 2019 ya kuwatia kanuni wenye maegesho. Kanuni zikatolewa Februari 2022, kampuni zikaenda mahakamani, na mwezi wa Juni mwaka ule ule serikali ikazirudisha kabatini. Julai 2025 walikuwa bado wakishauriana!

Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto huko amwandikie upesi. Asiikalie barua kimya, kwani hukumu hutolewa hata kwa asiyejibu, nayo humharibia jina la mikopo. Apinge kwa kampuni ndani ya siku 28, na wakikataa aende kwa msuluhishi wa nje watakayemtajia. Na siku hiyo hiyo aandike kwa uongozi wa hospitali yenyewe, kwani mwenye kiwanja aweza kuifuta tozo kwa neno moja. Aweke risiti, na ushahidi wa saa aliyofika kazini.

Barua ya kijana wetu imekwisha kupelekwa kote kuwili. Nakala yake iko ofisini, kwa mwanachama yeyote atakaye kuinukuu.